Jezi Tisa

Robota nililikata Jumatano, Memorial,
jua halijapanda juu ya maturubai.
Niliahidiwa nguo za watoto.
Nikakuta masweta ya sufu, mazito kama deni,
na chini yake, zimekunjwa kwa adabu,
jezi tisa za bluu.

Za kike. Vidole vilijua kabla ya macho:
kiuno kimeingia kidogo, kwapa limekatwa juu.
Mgongoni majina marefu,
yote yanaishia namna moja,
kama ukoo mmoja umejaa uwanjani.

Nakijwa alisoma, akakwama kwenye herufi moja,
d iliyochomwa mkuki shingoni.
“Ni Aislandi, mama. Huo mwisho maana yake ni binti wa.”
Binti wa nani?
“Wa yeyote. Wa baba yake.”
Nchi nzima, akasema, watu wake
ukiwaleta Moshi, Mjini na Vijijini,
watapata pa kulala na vitanda vibaki.
Na wana ligi ya wanawake,
daraja chini ya daraja.
Kijiji chenye kanisa moja na kiwanda cha samaki
kina timu, kina ratiba,
kina mtu wa kuchora mistari kwa chokaa.

Sisi hapa Pasua tunachora kwa majivu.
Saa kumi na moja wavulana wakifika
tunapisha.

Kijana mmoja wa Kiboriloni akazipapasa:
elfu nane kila moja, nazibeba zote.
Tisa mara nane, kichwa kilishapiga hesabu,
na Ijumaa nilikuwa na marejesho ya kikoba.
Haziuzwi, nikasema.
Ulimi ulitangulia, mimi nikafuata.

Jezi namba nne imechanika kwapani,
imeshonwa kwa uzi mwekundu, haraka, mikunjo mikunjo.
Huo si mshono wa fundi.
Huo ni mshono wa mama anayechelewa kazini
na mtoto amesimama mlangoni, viatu mkononi,
anasema fanya upesi.
Sijui baridi ya kwao.
Mshono huo naujua.

Tisa hazitoshi.
Aikande alichovya shati lake la shule
kwenye bluu ya kufulia, likatoka rangi ya maziwa yaliyochacha.
Ndeanasia golini akachagua sweta,
lile ambalo hakuna mtu Moshi angelinunua,
theluji imefumwa kifuani,
mwezi wa pili, saa nane mchana.
Alisema linamfanya aonekane mkubwa.
Refa alitazama shati, akatazama sweta,
akatazama saa yake.

Wageni walitoka Arusha, Ngarenaro,
wana mabegi ya aina moja na mtu wa kubeba maji.
Walitufunga tatu.
Letu moja walijifunga wenyewe,
beki alirudisha mpira bila kuangalia,
na tulilishangilia kama tumelipika sisi,
tangu kuchambua mchele.
Mzee Kimario, ambaye huja kutucheka tu,
alisimama. Kisha akajifanya anatafuta fimbo.

Nani aliivua ile namba saba?
Goti? Ndoa? Au alikua tu,
klabu ikampa nyingine mpya,
hii ikaingia gunia, ikavuka bahari,
ikashuka bandarini pamoja na mapazia ya watu?
Nimeiuliza. Nguo haisemi.

Ijumaa kikoba nililipa faini, elfu mbili.
Kwenye daftari, palipoandikwa sababu,
nikaandika: michezo.
Mhazini alisoma mara mbili, akagonga muhuri.

Jumamosi usiku nilizifua zote kwenye beseni.
Namba saba ilikuja na doa gotini mwa tumbo,
hapo mtu anapoangukia akiteleza,
kijani kizee, majani ya huko.
Nimelisugua kwa sabuni ya mche, kwa ndimu,
kwa hasira. Halitoki.
Pembeni yake sasa kuna vumbi jekundu la Pasua,
alama ya kiwiko cha Nakijwa.
Hilo nililisugua mara moja tu,
nikamwaga maji, nikaanika.